Chota tope, si maji: kupima zebaki katika Mto Migori

Watu wakitaka kujua kama mto wetu una zebaki, mkono wa kwanza huenda kwenye chupa ya maji. Kiangazi kimoja walifika wageni hapa Nyatike, Kaunti ya Migori nchini Kenya, wakajaza chupa zao katikati ya mto, wakaleta jibu kwamba maji ni safi. Akina mama wanaoosha dhahabu kwa makarai ukingoni, wakitumia zebaki kuinasa, wakatulia, na hadi leo wananirudishia jibu hilo kila nikiwashauri. Mimi ni fundi wa maabara ya shule, na jibu lile linaniuma. Zebaki ina uzito wa mara 13.5 ya maji. Ikimwagika kwenye karai huzama, ikashikamana na udongo laini na majani yaliyooza, maji yakapita juu yake. Humo topeni, pasipo hewa, bakteria huigeuza kuwa methili zebaki, aina yenye sumu kali. Hiyo ndiyo inayoingia kwa wadudu wa chini, kisha samaki wadogo, kisha mbuta (sangara), na mwisho kwa mama mjamzito na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tuchukue tope.

Nendeni Januari au Februari, mto ukiwa umepungua. Mvua ndefu zikianza, mafuriko hufukua tope na kulisukuma hadi Mto Kuja na Ziwa Victoria, na hamtajua mlichochota kimetoka wapi. Kabla ya yote wasalimieni wachimbaji, muwaeleze mnachofanya. Ni mahali pao pa kazi, na watoto wao ndio wanaooga hapo.

Kazi kubwa ni kuchagua mahali. Mchanga mnene wa katikati ya mkondo hauna faida. Tafuteni maji yanapopunguza mwendo: ndani ya kona, nyuma ya mwamba, kando ya matete. Vaa glavu, sugua tope kati ya vidole. Likikwaruza, songa mbele. Likiteleza kama uji wa wimbi, hapo ndipo. Mnahitaji vituo vitatu kwa uchache: kimoja juu ya sehemu zote za kuoshea, kimoja chini yake kidogo, na kimoja mbali zaidi kuelekea Kuja. Kile cha juu msikiache hata mkichoka, maana udongo wowote huwa na zebaki kidogo ya asili, na bila kipimo hicho namba nyingine hazina cha kulinganishwa nacho. Anzeni na kituo cha chini kabisa mkipanda, ili tope mnalolitibua lisiwatangulie. Simameni mkitazama maji yanakotoka, mchote mbele ya miguu yenu.

Vua pete ya dhahabu, kwa sababu zebaki huishika. Aliyeshika zebaki wiki hiyo asiguse vifaa. Abebe kalamu na daftari. Tumieni kijiko kipya cha plastiki na chupa za kioo zenye vifuniko vinavyokaza. Chota sentimita 5 za juu tu, mara tano ndani ya hatua chache, uchanganye kwenye beseni safi la plastiki na utoe mawe na mizizi. Hapa wengi huharibu: wanamwaga maji ya juu yakiwa bado na ukungu. Ukungu huo ndio udongo laini kabisa, wenye zebaki nyingi kuliko chembe nyingine. Acha utulie, kisha mwaga maji yaliyo angavu. Jaza chupa hadi mdomoni.

Andika lebo kwa penseli, wino huyeyuka: tarehe, saa, mahali kwa GPS ya simu, na kilicho karibu, kama krasha (mashine ya kusaga mawe ya dhahabu) au rundo la mchanga uliooshwa. Weka chupa kwenye barafu siku hiyo hiyo, mbali na jua. Usianike tope, maana zebaki huondoka kwa mvuke. Lifike maabara kabla ya siku 28. Na jihadharini na viboko, mamba na mashimo ya zamani. Gambuti ni lazima, kichocho kipo.

Maabarani ombeni jumla ya zebaki, kwa miligramu katika kilo ya tope kavu. Pelekeni chupa mbili za kituo kimoja kwa majina tofauti. Majibu yakiachana sana, ombeni warudie. Kipimo kinachotumika sana kinasema hivi: chini ya 0.18 viumbe wa topeni hudhurika mara chache, na juu ya 1.06 madhara yanatarajiwa. Namba hizo ni za tope, si za samaki wala za mtu. Msimtishe mtu kwa kuzichanganya.

Kituo kilicho chini kidogo ya sehemu za kuoshea kikizidi kile cha juu waziwazi, pelekeni karatasi ya majibu kwanza kwa akina mama wale wale wa makarai, kisha kwa chama cha wavuvi na baraza la chifu. Ombi langu kwao huwa moja: karai lihamishwe mbali na ukingo, kwenye dimbwi lililotandikwa turubai, na mchanga uliokwisha kuoshwa usirudishwe mtoni.