Kuchagua nyimbo kwenye DDR, usiangalie jina tu

Watu wengi wakifika kwenye skrini ya nyimbo ya Dance Dance Revolution (DDR), ile gemu ya kukanyaga mishale kwa miguu kufuata muziki, wanazungusha listi mpaka wakute wimbo wanaoujua, wanabonyeza, halafu mishale inawamaliza. Kuujua wimbo ni kitu kingine na kuziweza stepu zake ni kitu kingine kabisa.

Anza na levo. Kila wimbo una chati zake, yaani mipangilio ya mishale kwa ugumu tofauti, Beginner, Basic, Difficult, Expert, na baadhi zina Challenge, na kila chati ina namba yake. Toka DDR X ya 2008 namba zinaenda 1 mpaka 20, kwenye mashine za zamani zilikuwa zinaishia 10, kwa hiyo 9 ya zamani ni jasho kweli ila 9 ya sasa ni ya kati tu, ujue kwanza umesimama kwenye mashine gani.

Sasa BPM, yaani midundo kwa dakika, hapa ndo wengi wanapigwa. Wimbo wa polepole mishale yake inapanda taratibu ikiwa imebanana, unashindwa hata kuisoma, ndo maana wa BPM 90 unaweza kukuchanganya kuliko wa 180. Dawa yake ni spidi, ile x unayoweka kuongeza mwendo wa mishale, chukua BPM zidisha na spidi uliyoweka: 150 kwa x3 ni 450, na 300 kwa x1.5 ni 450 hiyohiyo, macho yanaona mwendo uleule. Tafuta namba yako inayokukaa machoni halafu kila wimbo ubadilishe spidi uifikie. Ukikuta BPM mbili zina kistari katikati ujue mwendo unabadilika njiani, huo uache kwanza.

Kama mashine inaonyesha ile rada ya pembe tano iangalie pia: Stream ni wingi wa mishale, Voltage ni pale inapobana zaidi, Air kuruka, Freeze kushikilia, Chaos ni stepu za kukwepa mdundo. Binafsi Chaos ikiwa juu naiheshimu kuliko hata namba ya levo.

Na usizubae, kwenye mashine za akedi, zile za kumbi za gemu, kuna saa inahesabu kurudi chini, ikiisha unacheza wimbo wowote uliosimamia, so njoo na mbili tatu kichwani. Mwepesi uwe wa kwanza maana mashine nyingine ukifeli tu gemu imeisha, ule mgumu unaoutamani weka wa mwisho, hapo hata ukifeli hujapoteza kitu.