Kununua mbwa mtandaoni: M-Pesa iwe ya mwisho, langoni

Mama mmoja alibisha hodi kwangu hapa Nakuru, ametoka Eldoret kwa matatu, kabeba kikapu na blanketi dogo. Mimi hufuga mbwa na kuuza, na picha kwenye simu yake zilikuwa za watoto wa mbwa wangu aina ya German Shepherd, hata lango langu linaonekana nyuma, ila namba aliyoitumia pesa siijui. Alikuwa ametuma 15,000 ya arbuni, kisha 3,500 ya usafiri, kisha 4,000 ya "bima" ambayo angerudishiwa. Mbwa hakufika, ndipo akaanza kuulizia lango lile mtaa kwa mtaa. Nilimkaribisha chai, lakini mbwa wake hakuwepo.

Kwa hiyo, kama unatafuta mbwa mtandaoni, fuata hivi.

Hatua ya 1: Mwone mbwa akiwa hai. Piga simu ya video, usikubali klipu iliyorekodiwa. Mwambie muuzaji aandike jina lako kwenye karatasi, ailaze kando ya mtoto wa mbwa, kisha akuonyeshe mbwa mama aliyemzaa. Mfugaji hufanya hivyo kwa dakika moja. Tapeli atakwambia kamera imeharibika. Picha nazo zipitishe kwenye Google Lens, programu inayotafuta mahali pengine picha ilipowekwa mtandaoni. Ukizikuta kwenye tangazo la nchi nyingine, achana naye.

Hatua ya 2: Uliza chanjo na umri. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya wiki 8. Chanjo ya kwanza, ile ya parvo na distempa, huchomwa kati ya wiki ya 6 na ya 8, halafu hurudiwa. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida husubiri hadi wiki ya 12 hivi. Anayekwambia mbwa wa wiki 6 "amemaliza chanjo zote" anadanganya au hajui mbwa, na kwa vyovyote usinunue kwake. Omba kadi, soma jina la daktari kwenye muhuri, uliangalie katika rejista ya Kenya Veterinary Board, bodi inayosajili madaktari wa mifugo. Akidai mbwa ana karatasi za East Africa Kennel Club, klabu inayosajili mbwa, waulize klabu wenyewe.



Hatua ya 3: Nenda, kisha ulipe. Hapa ndipo watu wengi hupotelea. Tapeli anakuharakisha: "kuna mwingine anamtaka, tuma sasa hivi." Fikiria kidogo. M-Pesa inafika kwa sekunde chache, kwa nini basi itangulie siku tatu? Ukiwa umempakata mbwa, utalipa pale pale na muuzaji atapata ujumbe kabla hujageuka. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba arbuni. Nimeacha. Wengine huahidi kuja wasije, nami nabaki na mbwa siku kadhaa zaidi, lakini naona ni afadhali hivyo.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Likitofautiana na la muuzaji, usitume. Likifanana, bado haitoshi, maana laini husajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine.

Hatua ya 4: Kama umeshatuma. Usiongeze hata shilingi ya "kufungua mzigo". Peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom, mara moja kuomba pesa zirudishwe. Tapeli akishazitoa, ni vigumu sana kuzipata. Namba yake iripoti kwa 333, ni bure. Kisha nenda kituo cha polisi na picha za mazungumzo yenu, na usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Ukimjua mwenye picha halisi, mwambie pia. Yule mama asingekuja, nisingejua. Siku hizi kila picha ninayoweka ina jina langu katikati ya mgongo wa mbwa, mahali ambapo halikatiki.