Kusoma viashiria vya saratani katika maji ya kifuani: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa daktari au mtaalamu wa maabara aliyeshika majibu ya CEA na CYFRA 21-1, protini ambazo saratani nyingi huzitoa, yaliyopimwa kwenye maji ya kifuani, na anaulizwa ugonjwa utaelekea wapi. Majibu hayo yana la kusema, lakini yakisomwa peke yake hupotosha.

Hatua ya 1: Jua ni maji ya aina gani. Chukua damu siku hiyo hiyo unayotoa maji, upime protini na LDH (kimeng'enya kinachovuja seli zikiumia) kwenye vyote viwili. Vigezo vya Light vya mwaka 1972 bado vinatosha: protini ya maji ikizidi 0.5 ya ile ya damu, au LDH ikizidi 0.6 ya ile ya damu, au LDH ya maji ikivuka theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha damu, utando unaozunguka mapafu (pleura) wenyewe unaumwa.

Hatua ya 2: Linda sampuli. NSE, kiashiria cha saratani ya mapafu ya seli ndogo, imo pia ndani ya seli nyekundu za damu. Maji yakiwa na damu, na ya saratani mara nyingi huwa nayo, seli zikipasuka namba hupanda bila uvimbe kuhusika. Zungusha sampuli mapema, tenga maji ya juu, na ukiona yamegeuka mekundu usiiamini NSE. Mate na ngozi hupandisha SCC, kiashiria cha saratani ya seli bapa, kwa hiyo glavu ni lazima. Sehemu nyingine ya maji ipeleke sitolojia, seli zitazamwe kwa darubini. Hunasa takriban asilimia 60 ya saratani za pleura, na hakuna kiashiria kinachochukua nafasi yake.

Hatua ya 3: Agiza vichache. CEA na CYFRA 21-1, na NSE ukishuku saratani ya seli ndogo. CA 125, inayojulikana zaidi kwa saratani ya ovari, iache. Utando wa pleura ukichokozwa huitoa wenyewe, hivyo hupanda hata kwa moyo ulioshindwa kazi, sirosisi ya ini au kifua kikuu. Kuagiza viashiria saba kwa mpigo ni kula pesa ya mgonjwa bure.

Hatua ya 4: Zungumza na maabara. Vipimo vingi vimethibitishwa kwa seramu, si kwa maji ya pleura. Uliza kama wamevijaribu kwa maji, na kikomo chao ni kipi; kile cha CEA ya damu, mara nyingi nanogramu 5 kwa mililita, usikihamishie huku. CEA ya maji inaweza kuwa kubwa mno hadi kingamwili za kipimo zikazidiwa na mashine ikatoa namba ndogo ya uongo. Jibu lisipolingana na picha ya mgonjwa, omba sampuli izimuliwe na kupimwa upya. Muulize pia mgonjwa kama anameza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, kwani huvuruga baadhi ya mashine.

Hatua ya 5: Linganisha na damu. Kiwango cha maji kikizidi cha damu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kinatengenezwa papo hapo kwenye pleura. CEA ni molekuli kubwa, haivuki utando kirahisi, ndiyo maana hujilimbikiza. CYFRA 21-1 ni kipande cha sitokeratini 19, na figo zikichoka hupanda kwenye damu. CEA ya juu pia huiweka mesothelioma, saratani inayoanzia kwenye pleura yenyewe, mbali. CYFRA ya juu haifanyi hivyo.

Hatua ya 6: Sasa tabiri. Maji yenye seli za saratani ya mapafu tayari ni M1a katika mfumo wa kupanga madaraja ya saratani, yaani daraja la 4. Swali linalobaki ni mgonjwa ataishi muda gani, si kama ugonjwa umesambaa. CYFRA ya juu kwa ujumla huambatana na maisha mafupi. CEA ina utata zaidi: katika adenokarsinoma (saratani ya seli za tezi), CEA ya juu ndani ya maji huonekana mara kwa mara kwa wenye mabadiliko ya jeni la EGFR, na hao ndio wanaofaidi dawa lengwa, yaani zinazozuia jeni hilo. Kwa hiyo namba ya kutisha inaweza kuwa ya mgonjwa atakayeishi muda mrefu kuliko jirani yake wodini.

Ndiyo maana naanza na alama za LENT za kukadiria muda wa kuishi kwa wenye maji ya saratani kifuani, zilizochapishwa 2014, ambazo hazina CEA wala CYFRA. Saratani ya mapafu hupewa 2. LDH ya maji kuanzia 1500 huongeza 1. Neutrofili za damu zikizidi limfosaiti za damu zaidi ya mara 9, ongeza 1. Hali ya mwili kwa ECOG, kipimo cha jinsi mgonjwa anavyojimudu (0 ni mzima kabisa): 0 haina alama, 1 ni 1, 2 ni 2, 3 au 4 ni 3.

Chukua wagonjwa wawili wenye CEA sawa. Wa kwanza ana ECOG 0, LDH 600, uwiano 4: alama 2, kundi la kati, ambalo nusu yao waliishi zaidi ya siku 130. Wa pili ana ECOG 2, LDH 1800, uwiano 10: alama 6, kundi la hatari, wastani wa kati siku 44. Kisha uliza jeni: mwenye EGFR anayepata dawa lengwa, LENT humkadiria maisha mafupi kuliko atakayoishi.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa damu. Maji yakishatolewa au pleura ikigandishwa kwenye ukuta wa kifua ili maji yasirudi, ujazo hubadilika na namba hazilinganishiki tena. Kwenye ripoti mimi huandika hivi: "CEA ya maji iko juu kuliko ya damu, inaendana na saratani kwenye pleura. Isitumike peke yake kukadiria muda. Jibu la jeni linasubiriwa."