Kuazimisha Kasula ya Kale kwa Makumbusho ya Ng'ambo: Mwongozo kwa Parokia za Mtwara na Lindi

Barua ya makumbusho ya ng'ambo inayoomba kuazima kasula ya kale, yaani vazi la nje analovaa padre wakati wa misa, ikifika mezani kwa Paroko, isijibiwe siku hiyohiyo, hata kama imeandikwa kwa adabu nyingi. Kwanza ijulikane kwa hakika kasula hiyo ni mali ya nani. Katika mikoa yetu swali hili si jepesi. Misioni za Wabenediktini za Lukuledi na Nyangao ziliharibiwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, Ndanda ikaanzishwa mwaka 1906, na tangu 1931 Abasia ya Ndanda, yaani monasteri ya Wabenediktini hao, ikawa na mamlaka ya kikanisa juu ya eneo hili, hadi lilipoundwa jimbo la Nachingwea mwaka 1963, ambalo leo ni Jimbo la Lindi, na Jimbo la Mtwara mwaka 1972. Kwa hiyo vazi lililoletwa, tuseme, mwaka 1935 huenda halijawahi kutoka katika sakristia yake, chumba cha kutunzia mavazi na vyombo vya ibada, na bado likawa limeandikwa kuwa mali ya abasia. Kanuni ya 1283 ya Sheria za Kanisa inadai kuwepo kwa orodha kamili ya mali za thamani za parokia, ianzwe hapo. Vazi lisipokuwemo, liandikwe kabla ya mazungumzo yoyote, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Umiliki ukishajulikana, ndipo ruhusa zitafutwe. Paroko huiwakilisha parokia katika mambo ya kisheria, lakini kupeleka vazi la thamani nje ya nchi kunapita uendeshaji wa kawaida wa mali, hivyo idhini ya Askofu ipatikane kwa maandishi. Upande wa serikali, waandikieni wasimamizi wa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, mwulize kama vazi lenu linahitaji kibali cha kutoka nchini, na jibu lao litunzwe pamoja na mkataba.

Halmashauri ya Walei na waumini nao waelezwe mapema. Mtu wa Lindi atauliza tu kuhusu mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ambayo mpaka leo imesimama Berlin. Swali hilo lisichukuliwe kuwa la ukaidi. Lijibiwe kwa kuonesha kifungu cha mkataba kinachotaja tarehe ya kurudi, na kama hakuna kifungu cha namna hiyo, muulizaji ana haki ya kukataa.

Kazi inayotaka subira kuliko zote ni ripoti ya hali ya vazi. Itandazwe kasula juu ya meza pana iliyofunikwa shuka jeupe safi, mikono ikiwa imeoshwa na kukauka, pete na saa zikiwa zimevuliwa. Anzeni shingoni, ambako jasho la mapadre wa miaka mingi huacha doa la rangi ya chai, kisha mfuate mikunjo ya mabegani, kwa kuwa hariri iliyokunjwa mahali pamoja kwa muda mrefu hukatika hapohapo. Nyuzi za madini zilizotarizi msalaba mara nyingi huwa nyeusi kwa sababu ya hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu, zisisuguliwe. Geuzeni vazi muone bitana. Mkikuta kiraka cha kaniki kilichoshonwa na akina mama wa parokia kufunika tundu la mende, kipigwe picha peke yake na kuandikwa kuwa ni sehemu ya historia ya vazi, ili fundi wa ng'ambo asije akakibandua kwa nia njema. Kama kabati liliwahi kuwekwa naftalini au kupuliziwa dawa ya wadudu, semeni wazi, kwani sumu hiyo hubaki kwenye kitambaa na kuwadhuru wanaokishika.

Katika mkataba, pamoja na tarehe za kwenda na kurudi, itajwe kwamba mwanga juu ya vazi usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kiwango ambacho makumbusho mengi hukitumia kwa vitambaa, na kwamba pasifanyike usafi wala ukarabati wowote bila idhini ya maandishi. Mna haki pia ya kusema vazi liwekwe wapi. Mwaka 2018 Vatikani iliiazimisha Metropolitan Museum of Art ya New York takriban mavazi na vyombo 40 kutoka sakristia ya Sistine, na vikaoneshwa mbali na magauni ya wabunifu wa mitindo. Parokia ya Masasi inaweza kudai heshima hiyohiyo.

Bima iwe ya thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili, ianze vazi linapotoka sakristia na iishe linaporudishwa humo, wala isiwe ya siku za maonyesho pekee. Gharama zote, pamoja na sanduku na tiketi ya msindikizaji kutoka jimboni, kwa desturi hulipwa na anayeazima. Msione haya kuziorodhesha. Ulizeni vilevile kuhusu kinga dhidi ya kukamatwa kwa vazi mahakamani: Marekani ina sheria hiyo tangu 1965, na Ujerumani inaruhusu ahadi rasmi ya kurejesha chini ya sheria yake ya 2016, lakini katika nchi zote mbili ombi hufanywa kabla vazi halijaingia.

Wakati wa kusafirisha, tangazeni kwa forodha kwamba vazi linatoka kwa muda, mkiambatisha picha na vipimo, la sivyo siku ya kurudi litahesabiwa kuwa bidhaa mpya kutoka nje. Ndani ya sanduku lilazwe bapa. Ikibidi kukunjwa, kila mkunjo ujazwe karatasi isiyo na asidi.

Sanduku likirudi, lisifunguliwe siku hiyo. Liachwe saa 24 ndani ya sakristia ili vazi lizoee tena unyevu wetu, kisha lifunguliwe mbele ya Paroko, sakristani na mjumbe wa Halmashauri, ripoti ya kwanza ikiwa mezani na picha zikilinganishwa moja moja. Hati ya kupokea isitiwe saini mpaka kile kiraka cha kaniki nacho kimeonekana.