Namna ya Kusoma na Kuhakiki Jedwali la Mechi ya Besiboli ya Miaka ya 1950

Magazeti ya Marekani ya katikati ya karne iliyopita yalikuwa yakichapa jedwali la kila mechi ya besiboli kwa herufi ndogo mno, na msomaji aliyelizoea aliweza kuijua mechi nzima bila kusoma habari yenyewe. Ili kujifunza kulisoma, tuchukue mechi ya tano ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, ya mwaka 1956, iliyochezwa tarehe 8 Oktoba katika uwanja wa Yankee Stadium, ambapo Don Larsen wa New York Yankees aliwarushia mpira wapigaji 27 wa Brooklyn Dodgers na hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vile ambavyo mpigaji huvizunguka mpaka arudi nyumbani alipoanzia.

Anza na mistari miwili ya matokeo, ingawa mara nyingi huwekwa chini ya majina:

Brooklyn 000 000 000 – 0 0 0
New York 000 101 00x – 2 5 0

Timu ngeni huandikwa juu na mwenyeji chini. Tarakimu tisa za mwanzo ni mikimbio, yaani pointi za wachezaji waliozunguka besi zote na kufika nyumbani, iliyopatikana katika kila raundi, ambapo kila timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe. Tatu za mwisho ni jumla ya mikimbio, mapigo safi (yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi bila kosa la walinzi) na makosa ya ulinzi. Alama ya x inaonyesha kwamba mwenyeji hakuhitaji kupiga katika raundi ya tisa kwa sababu alikuwa ameshashinda. Kwa hiyo unajua mara moja kwamba New York walipata mkimbio mmoja katika raundi ya nne, ambao ni homrani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote hadi nyumbani) ya Mickey Mantle, na mwingine katika ya sita, Hank Bauer alipompigia Andy Carey mpira wa kumfikisha nyumbani.

Kisha nenda kwenye majina, yaliyopangwa kwa utaratibu wa kupiga. Safu ya kwanza ya tarakimu ndiyo inayowapotosha wengi, kwa kuwa haihesabu kila mara mchezaji aliposimama kupiga. Aliyepewa besi ya bure baada ya mrushaji kukosea mara nne haandikiwi kitu hapo, wala aliyejitoa kwa kuugusa mpira taratibu ili mwenzake asogee. Enos Slaughter ameandikiwa 2, lakini alisimama mara tatu, na moja kati ya hizo alipewa besi ya bure. Gil McDougald ni hivyo hivyo. Larsen naye ana 2, kwa sababu katika raundi ya sita alijitoa ili kumsogeza Carey hadi besi ya pili. Safu zinazofuata ni mikimbio, mapigo safi, idadi ya wapinzani ambao mchezaji aliwatoa mwenyewe, na mara alizomsaidia mwenzake kumtoa mtu.

Upande wa Brooklyn unasomeka upesi, kwani safu za mikimbio na mapigo ni sifuri tupu. Angalia tu nafasi ya tisa: mrushaji Sal Maglie ana 2, na chini yake yupo Dale Mitchell mwenye 1, akiwa na herufi ndogo kando ya jina. Herufi hiyo inakupeleka kwenye maelezo ya chini, yanayosema kwamba alipiga badala ya Maglie katika raundi ya tisa. Ndiye mtu wa 27, na mwamuzi Babe Pinelli alimtoa kwa straiki (mrusho halali ambao mpigaji ameukosa au ameuacha) ya tatu bila yeye kupiga.

Sasa fika kwenye kazi ninayoiona kuwa tamu kuliko zote, yaani kuhakiki. Jedwali sahihi lazima lilingane pande zote mbili kama daftari la duka. Chukua idadi ya mara zote timu iliposimama kupiga, kisha ulinganishe na jumla ya mikimbio, waliotolewa na walioachwa kwenye besi. Kwa New York, mara 26 zilizohesabiwa, besi 2 za bure na kujitoa 1 zinafanya 29. Upande wa pili, mikimbio 2, waliotolewa 24 na walioachwa 3 vinafanya 29 pia. Kwa Brooklyn ni 27 kwa 27.

Huenda ukauliza jambo moja. Mapigo 5 na besi 2 za bure ni watu 7, lakini waliofika nyumbani ni 2 na walioachwa ni 3. Wawili wamekwenda wapi? Jibu limo katika mstari wa chini unaotaja matukio ya kuwatoa wachezaji wawili kwa mpigo. La kwanza ni la Reese na Hodges, walinzi wa Brooklyn. La pili lina majina yanayojirudia: Hodges, Campanella, Robinson, Campanella, Robinson. Kujirudia huko kunaonyesha mkimbiaji aliyenaswa katikati ya besi, na hapa ni Bauer katika raundi ya sita: Mantle alipiga mpira wa chini, Hodges akakanyaga besi ya kwanza, kisha mpira ukatupwa huku na huku kati ya besi ya tatu na nyumbani mpaka Bauer akatolewa.

Mwishoni kuna mistari ya warushaji. Larsen: raundi 9, mapigo 0, besi za bure 0, aliowatoa kwa straiki wapigaji 7. Maglie: raundi 8, mapigo 5, mikimbio 2, besi za bure 2, aliowatoa kwa straiki wapigaji 5. Naona Maglie hupunjwa sana katika simulizi za mechi hii, kwani takwimu hizo zingempa ushindi siku nyingine nyingi. Muda wa mechi ulikuwa saa 2 na dakika 6, na watazamaji 64,519.

Usilidai jedwali lisichoweza kutoa. Halionyeshi mfuatano wa matukio, wala uzito wa tukio moja dhidi ya jingine. Katika raundi ya pili Jackie Robinson alipiga mpira mkali uliogonga glavu ya Carey ukamfikia McDougald, aliyemtoa kwa kumtupia Joe Collins kwenye besi ya kwanza. Katika safu za jedwali, tukio hilo ni nyongeza ya moja moja tu kwa watu watatu. Ukihitaji mfuatano, tafuta kumbukumbu ya pigo kwa pigo, kama zile zilizokusanywa na Retrosheet, shirika linalohifadhi kumbukumbu za mechi za besiboli, ambamo kila nafasi ya ulinzi ina namba yake. Humo tukio la Robinson huandikwa 5, 6, 3: mlinzi wa besi ya tatu, mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu, kisha mlinzi wa besi ya kwanza.