Jinsi ya Kutambua na Kubuni Mradi wa Kijijini Ukiwa Nairobi

Vikundi vingi vya watu wa kijiji kimoja wanaoishi Nairobi huchanga fedha kwanza, kisha ndipo hutafuta la kuzifanyia. Utaratibu huo ugeuzwe. Kabla ya mchango wa kwanza, kikundi kiwe na majibu ya maandishi kwa maswali mawili: ni shida gani hasa inayowasumbua walioko nyumbani, na ni nani atakayeendesha mradi mafundi wakishaondoka?

Shida haitambuliwi katika mkutano wa Jumapili mjini. Tumeni watu wachache wakae kijijini siku kadhaa, na ikiwezekana warudi katika msimu mwingine, maana kijiji cha Ukambani mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za vuli, si kile mtakachokiona mwezi wa Mei. Baraza la chifu linafaa kwa kutangaza nia yenu, lakini halitoshi kwa kusikiliza, kwa kuwa wanaosema humo mara nyingi ni wazee wa kiume na wenye uwezo. Wanawake wasikilizwe peke yao, vijana vivyo hivyo, na maskini zaidi wafuatwe majumbani mwao. Waombeni wenyeji wachore ramani ya kijiji ardhini kwa kijiti na mawe. Mama anayechota maji kila siku ataonyesha njia, foleni na saa anazopoteza, mambo ambayo hangesimama kuyaeleza barazani.

Chukua mfano wa kijiji cha Makueni ambacho wakazi wake wanasema wanataka kisima. Kisima ni suluhisho. Shida yenyewe bado haijatajwa, na hapa ndipo miradi mingi inapopotea. Ulizeni kwa nini maji hayapatikani, na jibu likitolewa, ulizeni tena sababu ya jibu hilo. Huenda ikabainika kwamba kisima kipo, ila pampu iliharibika na hapakuwa na fedha za vipuri kwa sababu hakuna aliyetoza ada wala kuweka hesabu. Hapo kinachohitajika ni kamati inayoaminika, ada ndogo kwa kila mtungi wa lita 20, akaunti ya benki na fundi wa karibu, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kuchimba upya.

Huenda pia ikabainika kwamba maji ya chini yana chumvi. Katika hali hiyo, bwawa la mchanga laweza kufaa: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko hulimbikiza mchanga nyuma yake, na maji hubaki kati ya chembe za mchanga yakikingwa na jua. Lakini lazima pawe na mwamba wa kushikilia ukuta na mto uwe unabeba mchanga wa chembe kubwa, kwani tope laini huyazuia maji yasichoteke. Mtaalamu apime kwanza.

Kisha kagueni mamlaka husika. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, zahanati na huduma za maji ziko chini ya kaunti, ilhali shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa. Zahanati iliyojengwa bila makubaliano na kaunti yaweza kukaa bila muuguzi wala dawa. Someni mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kaunti yenu, na pelekeni pendekezo kwa mwakilishi wadi na ofisi ya kaunti mapema, kwa kuwa mpango wa kila mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata.

Andiko la mradi lisiwe refu. Lengo lipimike: “kuboresha maisha” halipimiki, lakini “kila familia ichote maji na kurudi ndani ya nusu saa” linapimika. Orodhesheni shughuli, mhusika wa kila moja na gharama zake, zikiwemo za matengenezo baada ya uzinduzi, ambazo wachangaji huzisahau kabisa.

Ardhi msiipokee kwa neno la mdomo hata kidogo. Mzee akitoa kipande cha shamba, mkewe na wanawe washirikishwe, mpimaji aweke mipaka, na uhamisho usajiliwe kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa sababu warithi wasioshirikishwa wana haki ya kupinga, na mradi ukifungwa kwa kesi, wanaokosa maji ni wale wale mliotaka kuwasaidia.