Dokumentari ya okestra inayorudi baada ya vita: anza na sauti

Mtazamaji ataamini kuwa okestra imerudi akiisikia ikikua, si akiambiwa. Basi usingoje tamasha. Rekodi zoezi la kwanza kabisa, hata kama waliofika ni kumi na wawili na nyuzi hazitoshi.

Maikrofoni kuu ni mbili za kadioidi (zinazosikia zaidi upande wa mbele) kwenye stendi moja, nyuma kidogo ya kondakta, kimo cha mita 3 hivi. Ziachane sentimita 17, zikitazama nje kwa pembe ya digrii 110. Bandika utepe sakafuni na uandike vipimo, kwa sababu stendi itarudi palepale kila zoezi hadi usiku wa tamasha. Ikihama, mabadiliko utakayoyasikia yatakuwa ya chumba, si ya wapigaji. Rekodi kwa 48 kHz na biti 24. Siku ya kwanza vilele vya sauti viishie karibu -20 dB: tarumbeta zikirejea sauti itapanda, na geini (kiwango cha kukuza sauti kwenye mashine) haifai kuguswa.

Ukumbi wenyewe huenda haupo. Okestra ya Berlin Philharmonic ilipiga tamasha lake la kwanza baada ya vita tarehe 26 Mei 1945 ndani ya Titania-Palast, jumba la sinema, maana ukumbi wake ulikuwa umeharibiwa kwa mabomu mwaka 1944. Okestra ikihamia kwingine, rekodi ukimya wa kila chumba kwa dakika moja. Bila huo, mahali vipande vilipounganishwa katika uhariri patasikika.

Usizime mashine wakati wapigaji wanapopatanisha sauti za vyombo. Obo inatoa noti ya La, fidla zinaifuata, nyuzi zinateleza kwa kuwa vigingi vimekauka, wanaanza upya. Hapo pana filamu.

Kamera isogee sanduku la fidla linapofunguliwa: nywele za upinde zilizoliwa na wadudu, gundi iliyoachia ubavuni. Fidla ikitikiswa na kitu kikagonga ndani, kijiti kinachobeba uso wake kimeanguka. Mwombe mwenyewe alegeze nyuzi mara moja. Uso unaweza kubonyea. Picha ingoje.

Kosa la kawaida ni kurekodi wimbo mara tatu kwa kamera moja, kisha kuunganisha. Kasi hailingani, na upinde unashuka wakati sauti inapanda. Chagua rekodi moja ya sauti iwe uti wa mgongo. Picha za marudio mengine zitumike kwa sekunde chache, nyuso zaidi kuliko mikono. Piga kofi mbele ya kamera mwanzo na mwisho wa kila rekodi ili uoanishe sauti na picha: saa za kamera na za mashine ya sauti huachana polepole. Taa zikitumia umeme wa 50 Hz, fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/50 hupunguza kumemeta.

Viti vitupu viache vilivyo. Kwenye mahojiano, uliza kwanza kuhusu chombo; habari za aliyekuwa akiketi kiti cha jirani zitakuja mpigaji mwenyewe akiwa tayari. Ridhaa iandikwe kabla ya zoezi la kwanza, tena kwa kila mpigaji: wimbo kuwa huru kwa kuwa mtunzi alifariki zamani hakukupi haki ya sauti ya walio hai. Jina la asiyerejea lisitajwe kabla familia yake haijakubali.